Springi, Friji na Waranti ya Mkwe Wangu

Jumapili, 3 Machi

Nimefika jana jioni. Mwanangu hayupo, yuko kwenye ujenzi wa daraja huko mbali, atarudi mvua zikiisha. Mimi nimeitwa kumwangalia mjukuu wangu, ambaye meno ya mbele yamemtoka na sasa tunamwita Kibogoyo. Mama yake, mkwe wangu, ni daktari wa mifugo, na masika ndiyo ng'ombe wanapoamua kuugua wote kwa pamoja.

Nimeshona sare za shule maisha yangu yote. Mikono ikikaa bure inawasha, ndiyo maana naandika.

Uani kuna pikapu mpya ya milango minne, imeinuliwa juu kama mtu aliyepandisha suruali avuke dimbwi. Ili nipande ilibidi mkwe anisukume kwa nyuma, mbele ya majirani. Sikupenda.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimemuuliza mkwe. "Gari jipya, limetoka kwa wakala juzi tu, nawe unalipeleka kwa mafundi wa barabarani?"

"Mama, njoo uone mwenyewe."

Akanizungusha. Springi ndefu alifungiwa na fundi anayeitwa Spana, kwa sababu njia za ng'ambo ya mto zina mashimo ya kumeza ndama. Tairi pana zenye meno, kwa ajili ya matope. Nyuma ya viti kuna friji ndogo ya kutunzia chanjo, na betri ya pili ya kuiendesha hata gari likizimwa. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

"Yeye anaitwa Shoti," akasema.

"Fundi umeme anaitwa Shoti?"

"Ni jina tu, Mama."

Jina tu! Ni sawa na kulazwa hospitali ukaambiwa daktari wako anaitwa Marehemu.

"Na waranti ya kiwanda?"

"Nilisoma kitabu chake chote kabla sijafunga hata nati moja. Kitakachoharibika kwa sababu ya vitu nilivyoongeza ni juu yangu. Kisichohusiana navyo ni juu yao."

"Nani ataamua kipi ni kipi?"

Akafunga mlango wa gari taratibu, akaingia ndani kupika. Naandika ili ijulikane kwamba niliona mapema: huyu binti ana kichwa kigumu.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Mkwe ametoka kabla ya chai na kurudi tumeshakula. Ananuka zizi. Kibogoyo anasema hiyo ndiyo harufu ya mama.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Nimezianika juu ya viti na nyumba inafanana na duka la mitumba.

Jumanne, 19 Machi

Kimeta kimeingia ng'ambo ya mto. Ng'ombe walikufa ghafla, damu ikiwatoka puani, na wachungaji waliochuna mmojawapo wamelazwa wakiwa na vidonda vyeusi mikononi. Mkwe amenieleza yote akiwa amesimama, kikombe mkononi, bila kunywa. Anatakiwa kuchanja mifugo yote ya upande ule kabla ugonjwa haujasambaa. Chanjo ikipata joto imekufa, na ng'ombe atachanjwa maji tu. Ndiyo sababu ya friji, nimeelewa sasa. Springi bado naziona ni ulimbwende.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekaa dirishani mchana kutwa na Kibogoyo, tukihesabu magari yasiyokuwa letu. Jioni mkwe akaja juu ya tela la trekta, matope mpaka nyusi, amekumbatia boksi la chanjo kama mtoto mchanga. Kabla hajavua viatu alilihamishia kwenye friji ya jikoni. Alitoa nyanya zangu zote akaziweka sakafuni.

Gari limekufa kwenye mlima. Kwanza taa ya injini iliwaka, kisha nguvu zikapungua, kisha injini ikalia sauti nyembamba na kunyamaza. Limevutwa mpaka kituo cha mafuta. Kesho litapelekwa kwa wakala.

Mwanangu akapiga simu, tukamweka kwenye spika.

"Sikilizeni," akasema. "Kabla halijaenda kwa wakala, mwiteni Spana avue hizo springi na tairi, arudishe za zamani. Shoti naye atoe friji na betri. Lifike likiwa kama lilivyotoka dukani. Nani atajua?"

Nikaona mwanangu ana akili. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza namba ya Spana iko wapi.

"Sitafanya hivyo," mkwe akasema.

"Mke wangu, kila mtu anafanya hivyo. Wakiona friji tu wanafuta waranti."

"Nikivivua, nitakuwa nimekiri kwamba ndivyo vilivyoua injini, na mimi siamini hivyo. Na kama kweli ndivyo, nataka niambiwe. Gari hilo hilo ndilo namwendeshea mtoto wetu."

Mwanangu akashusha pumzi. "Injini si kitu cha mshahara mmoja."

"Najua."

Mkwe akaenda kuoga. Mimi nikabaki na nyanya sakafuni, nikimhurumia mwanangu. Ujeuri huu utawaweka pabaya.

Jumamosi, 23 Machi

Kwa wakala sakafu inang'aa, mtu anaogopa kukanyaga. Meneja wa huduma ni mwanamume nadhifu, tai imenyooka, manukato yanamtangulia. Alilizunguka gari mara moja tu.

"Limefungwa vitu vya nje. Samahani, daktari. Waranti imeshakufa."

"Yote?" mkwe akauliza. "Hata ya redio?"

"Yote."

Mkwe akatoa kitabu cha waranti kwenye mkoba, akakiweka mezani. "Nionyeshe ilipoandikwa."

"Kitabu nakijua."

"Basi haitakuchukua muda."

Meneja hakukigusa. Nyuma yake akatokea mtu mwembamba aliyevaa ovaroli, tochi shingoni kama wengine wanavyovaa mikufu. "Nilitazame kwanza," akasema, akaingia chini ya gari kabla ya kuruhusiwa. Kumbe ndiye mkaguzi wao wa waranti. Hakutusalimia. Nimempa jina la Tochi na simpendi.

Jumatatu, 25 Machi

Kibogoyo akiwa shule, nimekwenda tena na mkwe. Tochi anapiga picha kila kitu: kila nati, kila waya, mpaka tope lililoganda chini. Anauliza maswali kama askari. Springi hizi zimeinua gari kiasi gani? Unabeba mzigo gani? Unaweka mafuta wapi? Friji inawashwa lini? Mkwe anajibu moja baada ya jingine, na lile asilolijua anasema halijui.

"Nani alifunga waya hizi za friji?"

"Fundi mmoja, Shoti."

Tochi akatoa kichwa. "Anaitwa Shoti?"

"Ndiyo."

Akaandika. Nilitamani sakafu inayong'aa ifunguke inimeze.

Jumatano, 27 Machi

Gari bado liko kwa wakala, na kimeta hakingoji wakala. Mkwe amepata nafasi kwenye lori linalokwenda ng'ambo kuchukua maziwa kila asubuhi. Chanjo itasafiri kwenye boksi la barafu. Nimelitazama lile boksi nikaona halifiki mchana likiwa baridi. Nikapasua godoro kuukuu la stoo, nikalishonea koti la sponji la tabaka mbili, kifuniko chake kikiwa na vifungo. Mkwe aliligeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mama, hili ni zuri kuliko la idara."

Nilijifanya natafuta uzi. Lakini nilijisikia vizuri.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nimekwenda naye. Msaidizi wake ameshikwa na homa, na boksi linahitaji mtu wa kulilinda. Kibogoyo tumemwacha kwa jirani. Naandika nikiwa nimeloweka miguu kwenye beseni.

Dereva wa lori alitufikisha mtoni akasimama. Maji yalikuwa yamepita alama ya hatari. Tukavuka kwa miguu kwenye daraja la waya, mimi na boksi kifuani, mkwe nyuma yangu ameshika mkanda wa gauni langu. "Tazama mbele, Mama. Mimi nitatazama chini kwa niaba yako." Kutoka hapo tulitembea. Sasa nimeijua ile njia. Mguu ukiingia shimoni kiatu kinabaki. Gari la kawaida lingelala hapo tumbo chini. Springi nimeziomba radhi kimyakimya.

Watu walikuwa wamekusanya ng'ombe kwenye zizi la miti. Mkwe alipanda juu ya ua, akawaeleza kwa sauti isiyo na ukali wala kubembeleza: kila mnyama, bila kuficha hata mmoja. Kisha akashuka kwenye tope. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma kipimajoto, kufungua koti, kutoa chupa, kufunga upesi. Yeye anashika ngozi ya shingo, sindano inaingia, mkono umeshahamia kwa mwingine. Ng'ombe mwenyewe hajajua kachomwa. Nimefanya kazi ya sindano maisha yangu yote na mkono kama ule nimeuona mara chache.

Kulikuwa na fahali mkubwa aliyekataa kuingia. Mwenye ng'ombe akapiga kelele, "Meneja! Meneja, ingia!" Kumbe ndilo jina lake. Mkwe akanitazama, mimi nikamtazama yeye, tukacheka mpaka akashindwa kuvuta dawa. Meneja alichanjwa kwa heshima zote.

Kicheko hakikudumu. Mwanamume mmoja mnene alitujia na kusema ng'ombe wake wa maziwa amekufa alfajiri, na wanawe wanataka kumchuna, angalau wapate nyama. Mkwe aliacha sindano akaenda. Nilimfuata. Vijana walikuwa na visu mkononi tayari. Akasimama kati yao na mzoga, mvua inamwagika, akasema, "Mkimpasua huyu, nitawazika ninyi pamoja naye."

"Ni wetu," mmoja akasema.

"Ni wenu. Na mikono ni yenu. Wenzenu wawili wamelazwa, nendeni mkaangalie mikono yao ilivyo."

Hakusogea. Hakuinua sauti. Mwishowe baba yao ndiye aliyevunjika. Akakaa kwenye jiwe akaanza kulia, kwa sababu ng'ombe yule ndiye aliyekuwa anasomesha watoto. Mkwe akakaa naye, jiwe hilo hilo, bega kwa bega. Hakumwambia pole nyingi. Alimuuliza ng'ombe alikuwa anaitwaje, na mtu yule akaanza kumsimulia. Kisha vijana wakachimba shimo refu, wakamzika ng'ombe na kummwagia chokaa, nasi tukarudi kazini.

Nilipofungua boksi mara ya mwisho barafu ilikuwa bado imo.

Jumamosi, 30 Machi

Miguu inauma. Nimemwambia Kibogoyo mama yake ni nani. Akasema, "Mbona mimi najua."

Jumanne, 2 Aprili

Tochi ametuita. Alitandaza kitambaa cheupe mezani, juu yake vipande vya chuma, kama mtu anayeandaa meza ya chakula.

"Hii ni pampu ya dizeli," akasema, leo akitutazama usoni. "Imejila yenyewe. Chuma chake kimesagika, unga wake umeingia kwenye mabomba mpaka kwenye injini." Akatukabidhi kioo cha kukuzia tuuone ule unga. Ulikuwa unameremeta kama poda ya wanawake. "Nimepima mafuta: ni safi. Nimepima umeme. Friji inakula betri yake peke yake, ina fyuzi yake, na haikugusa hata waya mmoja wa kiwanda. Huyo Shoti nataka kumjua. Springi na tairi hazikutani na pampu popote. Ubovu huu pampu ilitoka nao kiwandani."

Nilitaka kupiga vigelegele. Akainua kidole.

"Lakini hiki ni chako, daktari." Akaonyesha kiungo cha ekseli ya mbele, raba yake imepasuka, chuma kimeliwa. "Gari limeinuliwa mno, kiungo kinafanya kazi kikiwa kimekunjwa. Hiki kiwanda hakilipi."

Mkwe akakigeuza mkononi. "Naona. Hiki nakubali."

Meneja alikuwa mlangoni. "Kiwanda kitakataa vyote. Andika kwamba limefungwa vitu vya nje, tumalize."

"Nimeandika," Tochi akasema. "Na nimeandika kwamba havikusababisha."

"Unajua mara ya mwisho tulipobishana nao walitusumbua vipi."

"Najua. Wewe ndiye bosi, unaweza kuandika maoni yako chini ya yangu. Ya kwangu siyabadilishi. Nilichokiona ndicho hicho."

Meneja akaondoka. Mkwe akamuuliza Tochi kama amejitia matatani.

"Ungevua zile springi kabla ya kuja, kazi yangu ingekuwa rahisi zaidi," akamjibu. "Springi huacha alama kwenye chuma. Ningeziona alama, ningeandika kwamba mteja ameficha, na hata hii pampu nisingeweza kuitetea. Ulikuja na gari lako kama lilivyo. Nami nitalisema kama lilivyo."

Masikio yangu yalipata moto. Nyumbani nimempigia mwanangu nikamwambia amwombe mkewe msamaha. Akacheka. Nikamwambia sitanii.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Kiwanda hakijajibu. Mkwe kwenye lori la maziwa, na boksi na koti lake. Msaidizi amepona, lakini anasema vifungo vyangu vinamshinda.

Jumatatu, 15 Aprili

Kiwanda kimetaka pampu yenyewe isafirishwe kwao. Wanasema picha za friji zimewatia shaka. Mwanangu ameuliza bei ya injini mara mbili kwenye simu. Mkwe amesema, "Acha waione. Wakiiona wataelewa." Kisha nikamkuta jikoni ameegemeza paji la uso kwenye kabati. Nilimpikia chai, nikakaa naye. Siku hizi tunaweza kukaa bila kusema.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuna kifo kipya cha ng'ombe ng'ambo tangu wiki iliyopita! Wachungaji wametoka hospitali.

Ijumaa, 26 Aprili

Kiwanda kimekubali. Pampu, mabomba, injini yote iliyochafuliwa. Kiungo cha ekseli tumelipa wenyewe, na mkwe alilipa bila kunung'unika hata kwa macho.

Jambo ambalo sikulitegemea: aliyelileta gari nyumbani ni meneja mwenyewe. Alisimama uani kwenye tope na viatu vyake vile.

"Daktari, nilikuambia waranti imekufa kabla sijafunua boneti. Nilikosea. Nimewaambia vijana wangu wa mapokezi neno hilo lisitoke tena mdomoni kwa mtu kabla mkaguzi hajaona gari."

Kibogoyo akamuuliza kama ni kweli jina lake ni la fahali. Nilimziba mdomo, lakini mkwe alishaeleza. Meneja alicheka mpaka tai ikapinda, na nikagundua ana sura nzuri akicheka.

Springi zimebadilishwa, ziko fupi kidogo, kwa ushauri wa Tochi. Gari linavuka mashimo bado, na kiungo hakikunjwi. Napanda mwenyewe sasa bila kusukumwa, ingawa kwa kujivuta. Tochi mwenyewe alikwenda gereji ya Shoti wakakaa mchana mzima chini ya gari la mtu mwingine, wakifundishana.

Jumapili, 5 Mei

Mvua zimekatika na mwanangu amerudi, mweusi kwa jua. Leo mkwe alinichukua kunirudisha kwangu. Hatujafika nusu ya safari, mtu akatusimamisha barabarani akipunga shati: ng'ombe wake ameshindwa kuzaa tangu asubuhi.

Mkwe alivua saa, akajipaka sabuni mpaka begani, akalala ubavu kwenye majani nyuma ya ng'ombe. Mimi nikashika kamba. Mwenye ng'ombe hakuweza kutazama. Hapo simu ya mkwe ikalia, akaniambia nipokee.

Alikuwa Tochi. Kwa mara ya kwanza nilimsikia ameongeza sauti. Kiwanda kimeipasua ile pampu na kukuta kosa la chuma, na sasa kinayaita magari yote yaliyofungwa pampu za aina ile, kila mahali, zibadilishwe bure kabla hazijafa barabarani. "Magari mengi mno, Mama. Maelfu. Mpe simu daktari, nataka asikie mwenyewe."

Nikamwambia mkwe. Alikuwa amefumba macho, shavu lake limebanwa kwenye paja la ng'ombe, anatafuta mguu wa ndama kwa vidole.

"Vizuri," akasema. "Mwambie nitampigia. Sasa hivi nina mkono ndani ya ng'ombe."

"Anasema ana mkono ndani ya ng'ombe."

"Ndani ya nini?" Tochi akauliza.

"Mama, vuta," mkwe akasema. "Taratibu. Sasa. Vuta!"

Niliitupa simu kwenye majani, nikavuta kwa nguvu zote za mikono yangu. Ndama akateleza akaja, akatuangukia wote wawili, moto na majimaji. Mkwe akamfuta pua, akampuliza. Tulingoja. Kisha ndama akapiga chafya, na kutoka kwenye majani Tochi alikuwa bado anaita, "Haloo? Haloo? Amezaa?"